Pafu Lililokataa Kutoa Hewa

Katika miaka ya 1980, ukifika hospitali yoyote ya Nyanda za Juu Kusini huku unakohoa, umekonda na makohozi yako yana damu, jina la ugonjwa wako lilikuwa limekwisha kutajwa kabla hujavua shati. Kifua kikuu. Na mara nyingi lilikuwa jina sahihi. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Daktari Karel Styblo na wenzake wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu walikuwa wakija kufanya kazi na madaktari wetu, na utaratibu uliojengwa Tanzania miaka ile ndio uliokuja kufuatwa na nchi nyingi duniani. Nimewaona kwa macho yangu watu walioletwa kwa machela ya miti wakirudi kwao kwa miguu. Kwa hiyo nisieleweke vibaya ninaposema kwamba ugonjwa huo, kwa wingi wake, uliyaficha maradhi mengine machache yaliyokaa kifuani palepale. Mimi nilikuwa mpiga picha za eksirei katika mojawapo ya hospitali hizo. Nataka kueleza habari za mwanamke mmoja aliyefichwa hivyo, na picha zilizomfichua.

Mwaka ulikuwa 1986, na naukumbuka kwa uhaba wake. Filamu zililetwa kwa mgao kutoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, na mgao ulipochelewa tulikaa tukihesabu maboksi yaliyobaki. Dawa ya kusafishia picha ilipochoka hatukuimwaga. Tuliiacha filamu ikae ndani muda mrefu zaidi. Maji ya kuoshea yalichotwa kwa ndoo alfajiri na kupangwa nje ya mlango wa chumba cha giza, kwa kuwa maji ya bomba hayakuwa ya kutegemea. Kanuni ikawa mgonjwa mmoja, picha moja, nayo ya mbele. Kupiga picha ya ubavu kulihitaji daktari aeleze sababu kwa maandishi.

Picha ya mbele hupigwa hivi. Mgonjwa husimama, kifua kikiwa kimegusa kaseti ya filamu, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko vimesukumwa mbele ili mifupa ya mabega iondoke juu ya mapafu. Mashine iko nyuma yake, karibu mita 2, maana ikisogezwa karibu kuliko hapo moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kisha mpigaji huamuru: vuta pumzi kwa nguvu, zuia, usitikisike. Maneno hayo niliyasema kutwa kucha, kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa kwa wazee wasiokijua Kiswahili vizuri.

Picha moja ya namna hiyo huonyesha mengi kuliko watu wanavyodhani, lakini ina pembe zake zilizojificha. Moyo umelala zaidi upande wa kushoto, na nyuma ya kivuli chake kuna sehemu kubwa ya pafu ambayo jicho lenye haraka huipita. Bomba la hewa lenyewe, pale linapogawanyika katikati ya kifua, limezungukwa na mishipa mikubwa ya damu na uti wa mgongo. Kitu kidogo kikiota ndani ya bomba hilo, picha ya mbele yaweza isikionyeshe kabisa. Yanayoonekana ni madhara yake: nimonia inayorudi mahali palepale, kipande cha pafu kilichonywea, weusi usiolingana kati ya upande mmoja na mwingine. Na hayo yote, katika nchi yenye kifua kikuu kila kijiji, hupewa jina la kifua kikuu bila mtu kusita.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hajafika miaka 30, ana watoto wawili. Hakuwahi kuvuta sigara. Jina lake nalihifadhi. Alikuja na mama yake mzazi, na mama ndiye aliyebeba kadi za kliniki, bunda zima limefungwa kwa kipande cha khanga. Zilieleza habari ndefu: nimonia upande wa kushoto, penisilini, nafuu, miezi kadhaa baadaye nimonia tena, upande uleule. Halafu damu kwenye makohozi, nyekundu mbichi. Makohozi yalipimwa na kupimwa tena, na kila mara jibu la maabara lilikuwa kwamba vijidudu havikuonekana. Hata hivyo alianzishiwa dawa za kifua kikuu, kama utaratibu ulivyoruhusu kwa mtu mwenye dalili na picha yenye kivuli: sindano za streptomycin miezi miwili, kisha vidonge hadi mwaka ukatimia. Sindano zilimwachia kelele masikioni. Kikohozi hakikwisha. Mahali pengine akaambiwa ni pumu, kwa sababu alikuwa akitoa mlio wa filimbi apandapo mlima kwenda shuleni.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye kadi yoyote. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 hofu ilikuwa imevuka nchi nzima na kufika kwetu. Mwanamke kijana, amekonda, anakohoa, dawa hazimsaidii: majirani walikuwa wamekwisha kuhukumu. Mama yake alinieleza hayo pale kwenye benchi la nje, kwa sauti ya chini, kwamba huko ukweni sahani ya mwanawe ilikuwa imetengwa. Alisema amekuja kwangu ili picha iseme ni kitu gani, hata kiwe kibaya, mradi kiwe na jina. Katika miaka yote ya kazi yangu hakuna ombi lililonikaa moyoni kama hilo.

Wiki hiyo, kwa bahati, alipita kwetu daktari wa kifua aliyekuwa akizunguka mikoani kukagua huduma. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kukaa kwenye kiti cha mgonjwa na kumpa mgonjwa kiti chake. Mwalimu alimwamkia, naye akaitikia, akaomba ruhusa, akaweka kipimo chake mgongoni. Alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto. Akamwambia akohoe, akasikiliza tena. Kisha akaniita.

“Bwana Eksirei, njoo. Filimbi hii iko kushoto tu, na hata akikohoa haihami. Pumu haichagui upande.”

Akataka picha mbili zaidi ya ile ya kawaida ya mbele: moja ya ubavu, na nyingine ya mbele, lakini hiyo ya mbele ipigwe mgonjwa akiwa ametoa pumzi yote. Nikamweleza habari ya mgao. Akachukua fomu, akaandika sababu kwa herufi kubwa, akatia sahihi yake mwenyewe.

Picha ya kutoa pumzi nilikuwa nimefundishwa chuoni, lakini kwa kweli ilikuwa haiombwi. Ni ngumu kidogo kuipiga. Kifua kilichotoa hewa kina nyama na damu nyingi kuliko hewa, hivyo mionzi inahitaji nguvu zaidi kupenya, na usipoongeza unapata picha nyeupe isiyosomeka. Pia mgonjwa mwenye kikohozi akitoa pumzi yote hushikwa na kikohozi papo hapo. Tulifanya mazoezi kwanza bila mionzi. Nikamwambia, “Mwalimu, puliza kama unazima kibatari, upulize mpaka usibakiwe na kitu, halafu ubaki hivyo hivyo.” Akapuliza. Nikabonyeza.

Niliisafisha picha mwenyewe. Daktari hakungoja ikauke. Aliipokea ikiwa inachuruzika maji ya kuoshea, akaiinua mbele ya taa. Nami nikaiona pamoja naye. Upande wa kulia ulikuwa kama inavyotarajiwa: pafu limepungua, limekuwa jeupe zaidi, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimepanda juu. Upande wa kushoto haukuwa umefanya lolote. Pafu lilikuwa jeusi, limejaa hewa ileile, kiwambo kiko chini kilipokuwa, na moyo umesukumwa kuelekea kulia. Mwalimu alikuwa ametoa pumzi yote, na pafu lake la kushoto lilikuwa limekataa kutoa.

Sababu yake ni rahisi mtu akishaelezwa. Tunapovuta pumzi, mirija ya hewa hupanuka kidogo, tunapotoa, husinyaa. Kukiwa na uvimbe ndani ya mrija mkubwa, hewa hupata upenyo wa kuingia wakati wa kupanuka, lakini wakati wa kusinyaa upenyo hufungwa na hewa hubaki ndani, kama ilivyo vali ya baiskeli inayopokea upepo wa pampu bila kuurudisha. Kifua kikuu nacho chaweza kubana mrija, hasa tezi zikivimba, na watoto hupaliwa na vitu vikakwama humo. Picha hiyo peke yake ilisema tu kwamba bomba la kushoto lilikuwa na kizuizi. Picha ya ubavu ikaongeza kivuli chembamba nyuma ya moyo, mahali ambapo nimonia zake zote zilikuwa zikianzia.

Hapo ndipo daktari alipomgeukia yule mama na kumuuliza swali ambalo mimi sikulitazamia. “Mama, huyu binti aliwahi kupigwa picha ya kifua zamani, kabla hajaumwa?”

Aliwahi. Mwaka 1979 alipojiunga na chuo cha ualimu, wanachuo wote walipigwa picha kuhakikisha hawana kifua kikuu, na yeye alipewa yake akaondoka nayo. Ilikuwa chini ya godoro nyumbani kwa mama yake. Kesho yake jioni mama akarudi nayo, ndani ya bahasha ya kaki iliyokatika pembe, imeandikwa kwa wino kwamba kifua hakina tatizo.

Nitaeleza kwa kirefu kidogo tulichokifanya na picha hiyo, kwa sababu naamini ndiyo iliyoutambulisha ugonjwa wake kuliko nyingine yoyote. Tuliiweka kwenye kisanduku cha taa kando ya picha mpya ya kuvuta pumzi. Kwa mtazamo wa kwanza ilikuwa picha nzuri ya kifua kizuri. Lakini daktari aliona kwamba pafu la kushoto lilikuwa jeusi kuliko la kulia, kidogo tu, na mishipa yake ya damu ilikuwa myembamba. Akanitazama. Alijua, nami nilijua, kwamba tofauti ya namna hiyo mara nyingi si ugonjwa: mgonjwa akisimama amejipinda kidogo, upande mmoja hupokea mionzi zaidi na kutoka mweusi. Kazi ya kuamua ikawa yangu. Nikachukua rula. Ncha za ndani za mitulinga zinapaswa kuwa mbali sawasawa na mstari wa uti wa mgongo. Mwili ukipinda, ncha moja hukaribia na nyingine huenda mbali. Nikapima kushoto, nikapima kulia. Zilikuwa sawa. Mifupa ya mabega nayo ilikuwa imeondolewa vizuri kwenye mapafu. Aliyepiga picha ile mwaka 1979, ambaye sikuwahi kumfahamu, alikuwa amemsimamisha binti yule wima kabisa. Weusi ule haukuwa wa kusimama vibaya. Miaka saba nyuma, siku binti huyo alipokuwa mzima, anacheza netiboli na kuimba kwaya, bomba lake la kushoto lilikuwa tayari limeanza kuzibwa.

Miaka saba ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kansa ya kawaida ya pafu, ile ya wavuta sigara, isingemwacha hai muda huo bila tiba. Kifua kikuu kingekuwa kimetoboa pafu, kimesambaa au kimeacha makovu. Kulikuwa na kitu kinachoota taratibu mno, ndani ya mrija mkubwa, kwa mtu kijana, kinachotoa damu nyingi kwa udogo wake. Daktari akaandika kwenye barua ya rufaa: uvimbe wa bomba la hewa la kushoto, huenda ni adenoma. Hilo ndilo jina walilolitumia madaktari wengi wa enzi zake. Siku hizi huitwa kasinoidi. Siegfried Oberndorfer, mtaalamu wa patholojia wa München, ndiye aliyeeleza uvimbe wa jamii hiyo mwaka 1907, wa utumbo. Wa mapafu ni ndugu yake. Katika kila uvimbe 100 wa saratani unaoanzia kwenye mapafu, huu huwa mmoja au miwili tu. Una hatari, kwa kuwa unaweza kusambaa, ila ule wa aina ya kawaida ukikatwa wote, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huwa hai miaka 5 baadaye.

Nilizifunga picha zote nne kati ya vipande viwili vya boksi, nikaandika juu yake zisikunjwe, na mwalimu akapanda TAZARA na mama yake kwenda Dar es Salaam. Yaliyofuata niliyasikia kwao na kuyasoma kwenye majibu waliyorudi nayo.

Dar es Salaam alipigwa tomografia, ile ya zamani, kabla ya kompyuta. Mgonjwa hulala kwenye meza. Mashine ya mionzi husafiri juu yake kuelekea upande mmoja huku filamu iliyo chini ikisafiri upande wa pili kwa wakati mmoja. Kila kitu mwilini hutoka na ukungu isipokuwa tabaka moja, ambalo mpigaji amelichagua kwa kupandisha au kushusha kipimo kidogo kidogo. Kazi hiyo inataka subira, na mimi huiheshimu hadi leo. Katika tabaka mojawapo bomba la kushoto lilionekana wazi: mstari mweusi wa hewa unashuka, kisha unakoma ghafla kwenye ukingo wa mviringo. Uvimbe wenyewe. Upana wake ulikuwa kama sentimita 2.

Daktari wa upasuaji akaingiza bomba lenye taa kooni, akauona: mwekundu, laini, unang'aa. Alichukua kipande kidogo sana kwa hofu ya damu, maana uvimbe huu una mishipa mingi na ukichokozwa humwaga. Maabara ya patholojia ikathibitisha. Bodi ya madaktari ikaamua apelekwe London, na serikali ikagharimia. Watu wanaolalamikia kila kitu cha miaka ile wangekumbuka na hilo pia.

Kulikuwa na sababu ya kumpeleka mbali. Upasuaji wa kawaida ungekuwa kuondoa pafu zima la kushoto. Lakini London walikuwa na uzoefu wa njia nyingine, ya kukata kipande cha bomba chenye uvimbe, pete nzima, na kushona ncha mbili zilizobaki ili pafu liendelee kuwapo. Aliyeifanya kwa mara ya kwanza ni Clement Price Thomas, mwaka 1947, kwa kijana aliyekuwa akisomea urubani wa jeshi la anga la Uingereza na ambaye kupoteza pafu kungemnyima kuruka. Uvimbe wa kijana huyo ulikuwa wa aina hii hii. Price Thomas ndiye huyo huyo aliyempasua Mfalme George wa Sita mwaka 1951. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kijijini alipata matibabu yaliyobuniwa kwa ajili ya ugonjwa kama wake, karibu miaka 40 kabla yake.

Aliporudi, jambo la kwanza alilofanya baada ya kufika kwa mama yake ni kuja hospitalini kunionyesha karatasi moja ya filamu. Ilikuwa na picha ndogo ndogo nyingi, kila moja ikionyesha kifua chake kimekatwa kwa mlalo. Ndiyo mara ya kwanza nilipoishika kwa mikono yangu picha ya CT. Nilikuwa nimeisoma kwenye vitabu tu. Nilijua kwamba Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ndiye aliyetengeneza mashine hiyo, kwamba mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley huko London tarehe 1 Oktoba 1971, na kwamba Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kuiwaza hesabu yake alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwafrika mwenzetu wa kusini kuwamo katika habari hiyo kulinifurahisha tangu nilipoisoma. Lakini kusoma ni kitu kimoja. Pale nilikuwa naangalia kifua nilichokijua, ambacho nilikuwa nimekipima kwa rula.

Na nikaona kitu ambacho picha zetu zisingeweza kamwe kukionyesha. Sehemu ya uvimbe iliyokuwa ndani ya bomba ilikuwa ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa nje ya ukuta wa bomba, imejisukuma kuelekea kwenye nyama ya pafu. Walikuwa wamemchoma dawa ya rangi kwenye mshipa, na uvimbe ulikuwa umeng'aa kuliko vyote vilivyouzunguka, kwa wingi wa damu yake. Daktari wa upasuaji akiangalia kwa bomba lenye taa tu angedhani ameuona wote. CT ndiyo iliyomwonyesha pa kukata. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba kila picha hujibu swali moja. Yetu ya kutoa pumzi ilijibu kama njia imezibwa. Ya mwaka 1979 ilijibu tangu lini. Tomografia ikasema wapi, na CT ikasema kwa kiasi gani. Hakuna mojawapo iliyoifanya nyingine kuwa bure.

Baadaye nami nilifanya kazi kwenye CT, miaka mingi kabla ya kustaafu, na nikajifunza ukarimu wake. Namba inayotoa kwa kila nukta ya mwili, ambayo hupewa jina la Hounsfield, huweka maji kuwa 0, hewa kuwa hasi 1000, na mafuta kwenye hasi 100 hivi. Kwa namba hizo nilimwona dereva wa lori akiepushwa na kisu cha upasuaji. Alikuwa ameambiwa mahali fulani kwamba kivuli cha mviringo pafuni mwake ni kansa. Ndani ya kivuli tukakuta mafuta na chokaa, alama za hamatoma, uvimbe usio na madhara. Akarudi barabarani.

Kuhusu mwalimu, tulibaki kama ndugu. Uvimbe wa aina yake waweza kurudi hata baada ya miaka mingi, mara nyingi kwenye ini au mifupa, kwa hiyo ilimpasa kuchunguzwa maisha yake yote. Huku nyuma elimu ilikuwa ikisonga. Mwaka 1989 Eric Krenning, Steven Lamberts na wenzao wa Rotterdam walichapisha njia mpya kabisa: seli za uvimbe huu mara nyingi zina vipokeo vya homoni ya somatostatini, kwa hiyo ukitengeneza kemikali inayofanana na homoni hiyo na kuipachika chembe ya mionzi, itakwenda yenyewe kuutafuta uvimbe popote ulipo, na kamera itauona ukiwaka. Siku hizi chembe inayotumika sana ni galiamu-68, ambayo nusu yake huisha kwa dakika 68, na picha hupigwa kwa mashine ya PET. PET ya sukari, inayotumika kwa saratani nyingine nyingi, mara nyingi huupita uvimbe huu bila kuuona, kwa sababu unaota polepole na hauna njaa ya sukari. Daktari asiyelijua hilo anaweza kumpa mgonjwa jibu la kumtuliza lisilo la kweli.

Mwanawe wa kwanza, sasa mtu mzima mwenye kazi nzuri, alimpeleka India kupigwa picha hiyo ya galiamu. Usiku walipopata majibu mwalimu alinipigia simu akitetemeka sauti. Ameiona picha yake, alisema, na kuna sehemu zinawaka. Nikamwomba anieleze ziko wapi. Ubavuni kushoto, juu. Nyuma, pande zote mbili. Kitone kidogo katikati ya kichwa. Nikamwambia, “Mwalimu, hilo la kushoto ni wengu, hizo mbili ni figo, na hicho cha kichwani ni tezi iliyo chini ya ubongo. Hivyo huwaka kwa kila mtu. Nisomee alichoandika daktari kuhusu ini.” Akasoma. Ini halikuwa na kitu. Mifupa haikuwa na kitu. Kwenye mshono wa bomba la kushoto hapakuwa na kitu.

Nasema haya nikiwa na uchungu wa jambo moja. Katika hospitali moja niliyowahi kuhamishiwa, picha za zamani zilikusanywa kwenye magunia na kuuzwa. Filamu ya eksirei ina fedha ndani yake, fedha ya madini, na bei ya madini hayo ilipopaa mpaka kilele chake Januari 1980, wanunuzi walijua njia ya kila stoo. Palipotolewa sababu, ilikuwa kwamba nafasi imejaa. Sikubaliani na sababu hiyo hata leo. Picha ya mwalimu ilinusurika kwa kuwa ilikuwa chini ya godoro la mama, wala si kwa kuwa kulikuwa na utaratibu wowote wa kuitunza. Ni wagonjwa wangapi waliokuja na vivuli vya kutatanisha, na picha iliyoweza kusema kivuli hicho kina umri gani ilikuwa imekwisha kuyeyushwa?

Mwaka jana alikuja kunisalimia akiwa na diski ya picha zake za India na ile bahasha ya kaki. Diski sikuwa na mahali pa kuifungulia. Tukaenda naye hospitali ya wilaya, kwa kijana mmoja anayeendesha chumba cha eksirei, ambako siku hizi hakuna chumba cha giza wala ndoo za maji. Picha hutokea kwenye kioo cha kompyuta kabla mgonjwa hajavaa shati. Kijana alituamkia, akatuwekea viti, akafungua diski. Kisha akaiinua filamu ya mwaka 1979 kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi ya wino, akaniuliza walijuaje kwamba si kujipinda tu. Nikamwonyesha ncha za mitulinga. Akachukua rula ya mezani akapima mwenyewe, mara mbili. Halafu akarudi kwenye kompyuta, akafungua picha aliyoipiga asubuhi ile, ya mzee mmoja mwenye kivuli upande wa kulia, akaipima nayo. Akasimama, akatuomba radhi, akatoka nje kwenye benchi la wagonjwa. Tulimsikia akisema, “Shikamoo mzee. Eti uliwahi kupigwa picha ya kifua mahali pengine, hata zamani sana?”